Mchumba Kutoka Elburgon

Mwezi uliopita fundi aliniletea mlango mpya wa jikoni. Aliuegemeza ukutani barazani, akaenda kutafuta bawaba, nami nikabaki nao peke yangu. Ulikuwa wa mutarakwa, ule mti mwekundu wa msituni, umerandwa asubuhi ile ile, na harufu yake ikanijia kabla sijajiandaa. Nilikaa chini. Fundi aliporudi aliniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu, nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Nilikuwa nimerudi Elburgon, nina miaka minane, na viatu vyangu vyeupe vimejaa unga wa mbao.

Habari hii sijawahi kuiandika. Wengi waliohusika wamekwisha kufa, na waliobaki hawapendi iguswe. Lakini ninyi mliokua Nakuru miaka ile ya Emajensi, hali ya hatari ya serikali ya Wazungu, mliofundishwa na mama zenu kutazama mbele tu malori yenye nyavu yakipita, mtanielewa bila maelezo mengi.

Tulikaa juu ya duka. Baba aliuza vitambaa, na chini barazani mafundi wawili wa cherehani walishona kaptura za wafanyakazi wa mashamba ya Wazungu. Nyumbani tulikuwa baba, mama, nyanya yetu tuliyemwita Ba, dada yangu Sharda na mimi. Sharda alikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi sikumwita kwa jina. Nilimwita Motiben, yaani dada mkubwa, na kwa kuwa hatukuwa na ndugu wa kiume yeye alikuwa kila kitu kwangu. Alinisuka nywele, alinifundisha hesabu, na mama alipokuwa na hasira alinificha nyuma ya gunia la mchele.

Mwaka ule nilisikia mara nyingi kwamba Motiben amechelewa. Mama alilisema neno hilo kwa sauti ya chini, Ba akalisema huku akipepeta dengu. Nilidhani ni kama treni, kwamba kuna mahali alipotakiwa kuwa amefika na bado hajafika, na nilimwonea huruma kwa sababu kila siku nilimwona akifanya haraka.

Jamii yetu ilikuwa ndogo. Si kila Mhindi wa Nakuru alikuwa mwenzetu. Singasinga mwenye gereji, Mgoa wa posta, Mwismaili wa duka la dawa, wote tuliamkiana nao vizuri na kupelekeana vitamu siku za sikukuu, lakini hakuna mwana wao ambaye angeweza kumwoa Motiben. Mume alitakiwa awe wa watu wetu, wa vijiji vile vile vya Kathiawar, huko India, ambavyo mimi na yeye hatukuwahi kuviona, asiyekula nyama, na wakati huo huo asiwe wa ukoo wetu. Familia za namna hiyo, kutoka Kisumu mpaka Mombasa, zilikuwa chache kiasi kwamba Foi aliweza kukaa nazo zote kichwani. Foi ni dada ya baba. Alikuwa mjane, alivaa sari nyeupe, na aliishi Eldoret.

Familia tatu zilikuwa zimekwisha kuja kumwangalia Motiben. Wa kwanza, watu wa Kisumu, walisema ni mweusi. Wa pili walisema nyota zake na za kijana wao hazipatani. Wa tatu walikuwa wa hapo hapo Nakuru na hawakusema lolote, ila tangu siku ile mama wa kijana alivuka barabara kila alipotuona. Baada ya hao, Motiben aliambiwa afunge kila Jumatatu na ajipake usoni unga wa dengu uliochanganywa na manjano. Nilimkuta siku moja mbele ya kioo, uso wote umekauka rangi ya njano, hawezi kucheka wala kusema, na macho yake tu ndiyo yaliyonifuata chumbani. Niliogopa nikakimbia.

Ndipo Foi aliposhuka kwenye treni ya Eldoret na mzigo wa matandiko, akapanda ngazi zetu akihema, akasema amepata.

Walikuwa watu wa mashine ya kupasua mbao, juu ya Elburgon, ndani kabisa ya msitu. Baba yao alikuwa amefariki. Alibaki mama mtu na wana wawili, na mdogo, Jayant, alikuwa na miaka ishirini na sita na hajaoa. Ba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: kwa nini kijana mzima, mwenye afya na mwenye kazi yake, awe hajaoa mpaka umri ule? Foi akasema ni msitu. Nani angempeleka binti yake msituni wakati watu wanauawa mashambani? Ba hakuuliza tena, lakini nilikuwa nimekaa karibu na miguu yake na niliona jinsi shanga za tasbihi yake zilivyokuwa zinakimbia kwenye vidole.

Walikuja Jumapili mchana. Motiben aliingiza chai, mimi nikamfuata na sahani ya vitafunio vya chevda, na kwa kuwa hakuna anayemtazama mtoto, nilimtazama Jayant nilivyotaka. Alikuwa na macho mepesi, rangi ya asali iliyochanganywa na maji. Sikuwa nimewahi kuona macho kama hayo kwa mtu wetu. Yeye alitazama kikombe chake. Baba alipomuuliza anapenda sehemu gani ya kazi, kaka yake akajibu kwamba anapenda mitambo. Mama alipomuuliza kama Elburgon kuna baridi sana, kaka yake akajibu kwamba mtu anazoea. Kaka huyo alikuwa mnene, mpole wa sauti, na alitabasamu kila alipomaliza sentensi.

Mama yao aliushika mkono wa Motiben, akaugeuza juu chini kama mtu anayekagua kitambaa. "Ana mikono ya kazi," akasema. "Kwetu ni kimya. Msichana wa kelele hawezi kukaa."

Nikauliza, "Na misumeno je?" Maana kila mtu alijua mashine ya mbao inapiga kelele.

Wote walicheka isipokuwa Jayant. Yeye aliniangalia kwa mara ya kwanza, na nilidhani amenikasirikia. Siku hizi nadhani ile haikuwa hasira. Ilikuwa hofu.

Walipewa nafasi ya kuzungumza kidogo barazani, mimi nikiwa mlinzi wao. Nakumbuka kila neno kwa sababu yalikuwa machache. Jayant alisema hana la kuuliza. Motiben akamuuliza, "Unataka mwenyewe, au unatakiwa?"

Aliangalia mabati ya soko. "Nataka kuanza upya," akasema.

Motiben alilipenda jibu hilo. Aliniambia baadaye, akinisuka nywele, kwamba ni jibu la mtu mkweli. Mimi nilifikiri ni kama mtoto aliyeanguka mtihani akarudishwa darasa. Jioni ile watu wazima walilishana sukari guru na mbegu za giligilani, na neno likawa limekubaliwa.

Kwa desturi, upande wa msichana huenda kuiona nyumba. Motiben hakuruhusiwa kwenda, bila shaka. Walikwenda baba na Foi, nami nikalia mpaka wakanichukua. Tuliazima gari la jirani, tukapita Njoro, tukaanza kupanda. Kwenye kizuizi askari walitutoa nje, wakapapasa viti, wakaangalia kibali cha baba pande zote mbili. Baada ya hapo hatukukutana na mtu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani na miti ilikuwa inadondosha maji ingawa mvua haikunyesha. Foi alijifunika shali kichwani akawa anasoma sala kimoyomoyo. Kisha tukaanza kusikia msumeno. Ulikuwa unalia, unanyamaza, unalia, unanyamaza, na kila uliponyamaza niliona baba anashika usukani kwa nguvu zaidi.

Nyumba ilikuwa ya mbao tupu, safi, imepangwa vizuri. Mama yao alitutembeza chumba kwa chumba, na kila tulipotoka alifunga mlango kwa ufunguo. Chumba cha bibi harusi kilinuka rangi mbichi. Kaka mtu alisema wamekipaka kwa heshima ya mgeni. Lakini mimi nilikuwa mfupi, na pale chini, karibu na sakafu, niliona michoro ya makaa ikionekana chini ya rangi: duara, duara, na kitu kama kuku. Nilifikiri ni Jayant aliyechora alipokuwa mdogo, nikatabasamu.

Watu wazima walipokaa kunywa chai nilikwenda nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kichuguu cha unga wa mbao kirefu kuliko paa, chekundu, na juu yake msichana wa miaka minne au mitano alikuwa anajiachia na kuteleza mpaka chini. Kila alipoanza kuteleza alihesabu, "Ek, be, tran." Alihesabu Kigujarati, kama mimi.

Nilimwuliza jina kwa lugha ya nyumbani naye akanijibu kwa lugha hiyo hiyo, akichanganya na Kikuyu na Kiswahili. Aliitwa Wanjiru. Alikuwa mweusi kidogo tu kuliko Motiben, nywele zake zimesukwa mistari mitatu, na macho yake yalikuwa rangi ya asali iliyochanganywa na maji. Tuliteleza pamoja. Viatu vyangu vikajaa, sketi ikajaa, sikujali. Aliniambia hatakiwi kuwa pale siku ile, Bapa amemkataza. Nikamwuliza Bapa ni nani. Akaonyesha kwa kidevu kule kwenye msumeno, ambako Jayant alikuwa amesimama na baba yangu.

Msinicheke. Dukani kwetu mafundi walimwita baba yangu "mzee" na hakuwa mzee wao. Nilidhani Bapa, neno letu la baba, pale ni jina la kazi, kwamba watoto wote wa pale humwita hivyo mwenye mashine. Nilidhani pia kwamba mahali palipokaliwa na Wahindi muda mrefu, watoto wote hatimaye hujua kuhesabu Kigujarati.

Mwanamke akaja mbio kutoka nyuma ya marundo ya mbao. Alikuwa mrefu, amejifunga leso ya kijani kichwani. Alimnyakua Wanjiru mkono, kisha akaniona, akasimama. Aliangalia viatu vyangu, akaniangalia uso.

"Umetoka Nakuru?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Mmekuja kuona nyumba?"

Nikasema ndiyo, dada yangu atakuja kukaa hapa.

"Haya," akasema. Alimbeba mtoto akaenda zake, na msichana alinipungia mkono juu ya bega la mama yake mpaka mbao zikamficha.

Kesho yake asubuhi Foi alinipaka mafuta kichwani, kama alivyopenda kufanya akiwa kwetu. Nilikuwa nimejaa furaha ya habari yangu. Nilimwambia kwamba Motiben hatakuwa mpweke kule, kwa sababu kuna mtoto mzuri anayejua kuhesabu kama sisi, mwenye macho kama ya bwana harusi, na anamwita bwana harusi Bapa. Mikono ya Foi ilisimama kichwani mwangu. Aliniuliza mtoto ana umri gani. Aliniuliza kama nilimwona mama yake. Aliniuliza kama nimemwambia mtu mwingine. Kisha akaendelea kusuka, akavuta mpaka machozi yakanitoka, akasema nimefanya vizuri kumwambia yeye, na tangu sasa hilo ni la kwetu wawili. Alinipa pera mbili kutoka kwenye kopo lake, vile vitamu vya maziwa ambavyo hakuwapa watoto. Nilijiona mtu mkubwa.

Siku chache baadaye Foi alipanda treni peke yake kwenda Elburgon. Alirudi kesho yake, akavua viatu, akamwambia mama kwamba kila kitu kimetengenezwa. Nilifikiri labda paa lilikuwa linavuja.

Baada ya hapo nyumba yetu ilijaa wanawake. Walipepeta mchele, walikaanga, walipima sari, waliimba. Motiben alikonda. Alikuwa anaamka kabla ya wote na kukaa dirishani, na nilipomwuliza anaangalia nini alisema anahesabu magari. Mama alisema bibi harusi wote huwa hivyo.

Zikiwa zimebaki siku kumi, kifurushi cha sari kikafika stesheni kutoka Mombasa, na baba akamtuma Motiben akachukue, mimi nikafuatana naye. Ng'ambo ya reli kulikuwa na uwanja uliozungushiwa waya. Mnaukumbuka. Walikuwa wanawaweka pale Wakikuyu walioondolewa mashambani, wangoje treni ya kuwapeleka rizavu, maeneo waliyotengewa na serikali. Watu walikaa chini na vifurushi vyao, sufuria, kuku waliofungwa miguu. Tulikuwa tumepita pale mara nyingi na tulijua namna ya kupita, shingo imenyooka. Lakini siku ile nilisikia sauti ndogo ikihesabu mabehewa. "Ek, be, tran, char."

Nilikimbia mpaka kwenye waya. Wanjiru alifurahi sana kuniona. Aliniambia wamepanda lori. Alikuwa na gauni lile lile la kwenye unga wa mbao, na miguu yake ilikuwa imepauka kwa vumbi. Mama yake alisimama nyuma yake, na Motiben akafika akihema nyuma yangu, na kwa muda hao wawili waliangaliana juu ya vichwa vyetu.

"Ni wewe bibi mpya," mwanamke akasema.

Motiben alimwuliza yeye ni nani, ingawa sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza.

"Mimi naitwa Nyambura. Nimekaa kwa mashine miaka sita." Alizungumza taratibu, bila kulia, kama anayemweleza karani. Askari walikuwa wamekuja asubuhi na karatasi. Watu wengine wote wa kambi ya wafanyakazi waliachwa, mwenye mashine alikuwa amewatafutia vibali. Lililosomwa lilikuwa jina lake peke yake, na mtoto. "Nikauliza ni nani ameandika jina langu. Askari akaniambia niulize mwenye mashine. Yule mkubwa alikuwa amesimama hapo. Akacheka kidogo tu, vile anachekanga."

"Na Jayant?"

"Alikuwa ametumwa Molo."

Motiben alishika waya. Alimwuliza wanapelekwa wapi. Nyambura akasema wanamwambia anaenda kwao. "Kwetu ni Elburgon," akasema. "Nilizaliwa hapo. Baba yangu alipanda miti ya pale. Huko wananipeleka sijui mtu hata mmoja."

Motiben alivua shali yake akaipitisha kwenye waya. Askari alipiga kelele kutoka mbali. Motiben alisema haraka kwamba atarudi kesho na baba yake, kwamba baba atazungumza na mkubwa wa kambi, kwamba lazima kuna njia. Nyambura alimfunika mtoto ile shali. "Haya," akasema, kwa sauti ile ile niliyoisikia msituni. Kisha tulipokuwa tunaondoka akamwita tena. "Usiende kule, msichana. Sio kwa sababu yangu. Yule mkubwa akitaka kitu kitoke, kinatoka. Leo ni mimi."

Kifurushi cha sari tulikisahau stesheni.

Motiben alimwambia baba kila kitu mbele ya mama, Ba na Foi. Sikuwahi kumwona baba akiwa mdogo kama siku ile. Alisema mambo hayo ni ya serikali. Alisema sisi ni watu wa leseni, leo tupo, kesho wanaweza kutufukuza. Foi alisema wanaume ni wanaume, na kila nyumba ina kitu kilichofagiliwa kabla bibi harusi hajaingia, na kwamba sisi tulitakiwa kushukuru kimefagiliwa mapema. Ba, ambaye hakuwa amemkatalia Foi neno tangu nizaliwe, alimwambia anyamaze.

Asubuhi baba alivaa koti akaenda na Motiben. Nasema hili kwa sababu watu hawalijui, na alistahili lijulikane. Alikwenda, na karatasi yake ya leseni mfukoni. Walikuta uwanja ni mtupu. Treni ilikuwa imeondoka alfajiri. Kulikuwa na majivu, manyoya ya kuku, na mtumishi mmoja aliyekuwa akizoa taka.

Jayant aliitwa. Alikuja peke yake, bila kaka, akakaa kwenye kiti kile kile. Motiben hakuleta chai. Alisimama mbele yake na kumwuliza kama anajua walipo. Jayant alisema hakujua kitu mpaka aliporudi jioni kutoka Molo, akakuta kibanda chao kimevunjwa na mbao zake zimepangwa pembeni.

"Sasa unajua," Motiben akasema. "Umekwenda kuwatafuta?"

Alianza kueleza habari za vibali, za barabara, za kaka yake. Motiben alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno. Kisha akaingia chumbani akarudi na nazi waliyokuwa wametuletea siku ya kukubaliana, akaiweka mapajani mwake. Jayant aliishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, akashuka nayo ngazi.

Ndivyo posa ilivyovunjika. Mwaka haukuisha kabla Jayant hajaoa msichana aliyeletwa kwa meli kutoka India, ambaye hakujua mtu yeyote nchi hii. Nilimwona mara moja tu, dukani kwetu, akinunua flana. Shemeji yake mnene alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu. Msichana alionyesha kitambaa kwa kidole na hakusema neno mpaka wakatoka.

Motiben hakuolewa. Hakuna familia nyingine iliyokuja. Ilisemekana ana ulimi, na ukishasemwa hivyo katika watu wachache kama sisi, umekwisha. Alisomea ualimu. Alifundisha wasichana Nakuru kwa miaka mingi, kabla ya Uhuru na baada yake, na kila msichana mpya alimwuliza jina la mama yake, akaliandika kwenye daftari. Wenzake walidhani ni utaratibu wake tu. Mara mbili alisafiri mpaka Kiambu, mara moja Murang'a, bila kusema anakwenda kufanya nini, akarudi na matope kwenye viatu.

Na mimi niliishi na langu. Nilipofika miaka kumi na miwili hivi ndipo nilipoelewa nilichofanya siku ile ya kusukwa nywele. Nilielewa ghafla, nikiwa nakula, na chakula kikanishinda. Kama ningenyamaza, Foi asingekwenda Elburgon. Kama Foi asingekwenda, karatasi ile isingeandikwa. Sikumwambia mtu. Niliolewa Kisumu nikiwa nalo, nikazaa nikiwa nalo, na nilipofiwa na mume wangu nikarudi Nakuru nalo, kukaa na dada yangu. Sote wawili tulikuwa tumezeeka. Mbele ya watu nilimsifu Motiben kwamba yeye peke yake katika jamii yetu alisimama akasema hapana, na niliona jinsi alivyokuwa anageuza uso, nikadhani ni unyenyekevu.

Miezi yake ya mwisho alikuwa hawezi tena kutembea. Tulikaa mchana kutwa kwenye baraza, mimi nikimsomea gazeti. Siku moja niliona kwamba nikichelewa zaidi sitasema tena kamwe. Nikaweka gazeti chini nikamwambia. Nilimwambia habari ya mafuta ya kichwa, maswali ya Foi na pera mbili nilizokula. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyewatoa.

Nilifikiri hakunisikia, kwa maana masikio yake yalikuwa yamechoka.

"Najua," akasema. "Foi aliniambia siku hiyo hiyo."

Nilimwangalia.

"Alinijia nikiwa napepeta mchele. Akaniambia kuna mwanamke na mtoto kule, na kabla hajakwenda kuzungumza nao anataka kusikia kwangu. Akaniuliza mimi nataka nini." Motiben alikuwa anaangalia mikono yake. "Ningeweza kusema siolewi. Ningeweza kusema wabaki. Nilikuwa nimekataliwa na watu watatu. Nikamwambia, sitaki kuwakuta pale. Nilidhani watapewa nyumba mahali pengine. Sikuuliza wapi. Hayo ndiyo maneno yangu yote, sitaki kuwakuta pale, kisha nikaendelea na mchele."